Mto Alioushona Mama

Jumamosi jioni, Buzuruga. Upepo wa ziwani umeanza kuvuma, umechelewa.

Jua la leo halikuwa na adabu. Saa saba mchana mabati yalikuwa yakilia yenyewe, na chumba anacholala Neema kilikuwa tanuri. Mwanangu ana miaka minne na ana pumu. Kwenye joto kama lile anahema kama aliyekimbizwa, nami nashindwa hata kumtazama.

Ndiyo maana nililivalia njuga dari la chumba chake.

Kiwandani kwetu, wanakokata minofu ya sangara, tumemaliza kujenga chumba cha baridi. Msimamizi alituruhusu kuchukua mabaki ya zile nyuzi za kioo, za njano, zinazojazwa ukutani ili joto lisipenye. Nikajiambia, kama zinamfaa samaki, zitamfaa mwanangu. Nikaleta kiroba kizima. Kazini hatuzishiki bila glavu na kitambaa cha pua, maana vumbi lake huwasha ngozi, huingia machoni na kifuani. Hayo nayajua vizuri sana.

Nikapanda darini, glavu mikononi, uso nimeufunga kwa kanga ya mke wangu. Kiroba nilikiacha uani, mdomo wazi.

Uani alikuwapo Mama. Alikuja juzi kutoka Misungwi, baada ya kuuza pamba yake kwa hawa wanunuzi binafsi wa siku hizi. Mama hawezi kuona kitu laini kimekaa bure. Alichomoa bonge, akalichambua kwa vidole kama anavyochambua pamba tangu usichana wake, akajaza foronya na kuishona. Kwetu mjukuu halalii mto wa dukani bibi yake akiwapo. Akamlaza Neema kivulini.

Nilisikia kikohozi nikiwa juu.

Sijui nilishukaje ngazi. Neema alikuwa akijikuna shingo, kifua kinapiga filimbi. Nikamnyakua, nikautupa mto, nikamfokea Mama. Mama yangu mzazi, nilimfokea mbele ya majirani. Alivitazama viganja vyake vilivyokuwa vyekundu, akauliza taratibu, "Pamba gani hii inayowasha, mwanangu?"

Nikamgeuzia mgongo, nikamkabidhi mke wangu mtoto.

Alimmwagia maji baridi bila kumsugua, akambadilisha nguo, tukakimbia zahanati. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri dawa ifungue kifua, na niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Kikafunguka. Mganga aliuliza mtoto alikuwa na nani. Nikasema, "Na bibi yake."

Nimesema hivyo kweli. Naona aibu kuliandika.

Sasa Neema amelala kwa jirani, anapumua vizuri. Kiroba nimekifunga, shati nimelivua nje. Dari limebaki nusu, na hatalala mtu chini yake mpaka niweke mbao zote na kuziba nyufa. Mama hajala. Amekaa barazani, mikono ameificha ndani ya kanga. Tangu mchana tumemhangaikia mtoto, na hakuna aliyemwosha yeye.

Hata mimi nimeliona hilo sasa hivi, nikiwa naandika.

Basi kalamu naiweka chini. Naenda kuteka maji baridi nimwoshe mikono, na kabla hajaniuliza tena nitamwambia kwamba kiroba nilikiacha mimi, na nilijua.