Dadu Nimelificha Kwenye Gunia la Maharage

Mshauri wangu mpendwa, salamu nitakuandikia siku nyingine, leo nina jambo limenikaa kooni na ninaomba unisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mke wa karani wa shamba la kahawa upande huu wa Oldeani, ndoa ya kanisani mwaka wa kumi na mbili sasa, watoto watatu, na ninamwonea wivu mwanamke ambaye nusu yake ni mtu na nusu yake ni mchezo, na huyo wa mchezo tayari nimeshamuua.

Ngoja nieleze. Mwaka themanini na tatu mwalimu mmoja Mzungu wa kujitolea alipomaliza muda wake alimwachia mume wangu, Valeriani, kisanduku chenye kitabu na dadu za ajabu, nyingine pande zake huwezi kuzihesabu upesi, ni mchezo ambao watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia safari na wengine kila mmoja anajifanya mtu fulani ndani ya safari hiyo, anasema atafanya nini, halafu dadu inaamua kama amefaulu au ameumia. Kitabu kilikuwa cha majitu na mapango, Valeriani akayatupa majitu yote akaweka mambo ya kwetu, familia inahama na ng'ombe wake mwaka wa njaa, kutoka Baray kule chini karibu na Ziwa Eyasi mpaka huku juu kwenye baridi. Yeye na wenzake wakawa wanacheza mezani kwangu kila Jumamosi mchana, mimi nachemsha chai, nikasema moyoni afadhali hii kuliko pombe. Mwanzoni kabisa aliniambia, "Mama Cresensia, kaa na wewe, ucheze mke wa mwenye mji." Nikamcheka, nikamwambia mimi nina maharage ya kuchambua, mtu mzima gani anajifanya mtu mwingine.

Haya, nilipokataa akaja Naipanoi. Huyu ni muuguzi wa zahanati, alihamia kutoka Wasso, mrefu, shanga hadi kifuani, akicheka yeye basi nyumba nzima inacheka, akapewa ile nafasi ya mke. Mezani nilivumilia. Lakini Valeriani akaona mchezo utoke mezani upande jukwaani, kwenye ukumbi wa shamba, na watazamaji nao wacheze, yaani yeye ni mwenye mji, baba wa ile familia inayohama, Naipanoi ni mkewe, mwalimu Clemensi ndiye msimulizi, na safari ikifika pagumu Clemensi anagonga kengele anawauliza watu, wafanyeje hawa? Watu wananyoosha mikono, wakishaamua anaitwa mtu mmoja kutoka kwenye mabenchi aje atupe dadu kubwa la mti alilochonga fundi Josephati, kubwa kama tofali, na likitoka moja mtu amekufa, na aliyekufa harudi tena. Mshauri, watu walijaa mpaka madirishani, wachuma kahawa, walimu, wafugaji waliokuja mnadani, kila mtu anapiga kelele kama ng'ombe ni wake.

Sasa sikia kilichonichoma. Yule mke wa jukwaani amefunga kitambaa mpaka kwenye masikio kama ninavyofunga mimi kwa ajili ya upepo. Anawamiminia wote chai, yake anakuja kuinywa imeshapoa. Na akikasirika hasemi, anachukua ufagio anafagia, hata pasipokuwa na taka anafagia tu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ni mimi ninayefagia hivyo! Nani amemwambia? Huyo mwanamke hajawahi kulala kwangu hata siku moja, ni mume wangu aliyempelekea mambo ya ndani ya nyumba yangu ili nichekwe na watu ninaosaga nao mahindi.

Basi nikaenda huko huko kwenye mashine ya kusaga nikawapanga wanawake wenzangu, Jumamosi iliyofuata tukakaa benchi moja. Safari ikafika kwenye kichaka, familia ina kiu, maji yako ndani na nyati yuko ndani, kengele ikalia, nani aende? Nikasimama nikapaza sauti, "Mke aende!" Benchi zima likaitikia. Clemensi akacheka, akasema, "Haya, mama mwenye mji wa kweli, njoo utupe wewe." Nikalitupa. Likatoka moja.

Naipanoi akalala chini, wakamfunika shuka. Valeriani alitakiwa aseme maneno ya kilio, hakusema, alisimama tu. Tulipofika nyumbani hakugusa chakula, akaniuliza, "Wewe hujambo?" kama vile nimetoka safari ya mbali. Nikamjibu nina nini mimi, nikachukua ufagio.

Nikadhani yamekwisha, kumbe! Kwa kuwa amekufa na hana nafasi, Naipanoi akapewa kazi ya kumsaidia mume wangu kuandika safari zijazo, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa yuko mezani kwangu, vichwa viwili juu ya daftari moja, anakunywa chai yangu, tena ya moto. Nikashindwa. Nikalichukua dadu stoo ya ukumbi nikalificha kwenye gunia la maharage. Mchezo ukaahirishwa, maana Josephati anasema hana mti mkavu wa kuchonga jingine. Na Valeriani, mbele ya wachezaji wote, akamwambia Naipanoi ni yeye, amelichukua kwa hasira ya kuuawa. Yule binti akaja kwangu analia, ananiita dada, "Dada, wewe unanijua, mimi naweza kuiba dadu?" Nikawa nampapasa mgongo, na moyoni nilikuwa nafurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi.

Sasa haji tena. Nimepata nilichotaka, lakini Valeriani haongei na mtu, jioni anakaa na daftari limefungwa, na mimi kila nikichota maharage mkono unagonga lile dadu. Nilitie jikoni liungue lipotee kabisa? Au nilirudishe, nimpoteze mume?

Mimi, Mama C., Karatu.

*

Mama C., pole, na sasa weka hilo kopo la maharage chini unisikilize.

Dadu usilichome. Ukilichoma utakuwa umeua mara mbili, na mara hii aliyeuawa anatembea na anavaa sare ya zahanati. Umemwacha msichana wa watu aitwe mwizi, akaja kulia mapajani kwako, wewe ukampapasa mgongo! Ningekuwa karibu ningekufinya. Kosa lake ni lipi? Umeniandikia kurasa nne na kosa pekee nililoliona ni kunywa chai ya moto. Hujamwona ameshikwa mkono, hujamwona amefuatwa njiani, na ungemwona ungeniandikia, nakujua. Alikaa kwenye kiti ulichokikataa, basi.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka, samahani. Wewe unalia kwamba mumeo anampenda mke wa mchezoni. Ni kweli, anampenda. Lakini mke huyo amefunga kitambaa cha nani? Anafagia ufagio wa nani? Mimi nimeolewa miaka ishirini na saba, na mzee wangu ukimuuliza leo kama nakunywa chai ya moto au ya baridi atakwambia kwani anakunywa chai? Wako amekaa miaka kumi na miwili anakuangalia ukinywa chai iliyopoa, na hilo halijamtoka. Alipopewa nafasi ya kujitungia mke yeyote duniani, mrembo, malkia, akakutunga wewe. Tena alikuja kwako kwanza akuombe ujicheze mwenyewe, ukamwambia una maharage.

Halafu ukasimama mbele ya ukumbi ukapiga kelele uuawe, ukaitwa, ukalitupa dadu kwa mkono wako. Ndiyo maana aliporudi nyumbani alikuuliza kama hujambo. Mwanamume yule alikuwa ametoka kukuzika, Mama C., na wewe ukamjibu kwa ufagio.

Sisemi mumeo ni malaika. Kumpeleka mke jukwaani na tabia zake zote bila kumwomba ruhusa ni utovu wa adabu, watu wakacheka naye yuko benchini hajui aangalie wapi. Hilo mwambie, tena mwambie kwa sauti, anastahili kugombezwa. Na kumtuhumu mtu mbele ya wenzake bila ushahidi, hilo nalo atalijibu mwenyewe kwa Naipanoi. Ila huwezi kumgombeza mtu huku mali yake iko guniani kwako.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii litoe, lifute vumbi la maharage. Kwanza nenda kwa Naipanoi, kwa miguu yako, usimtume mtu, usipeleke sukari wala mayai ya kumlainisha. Mwambie nililichukua mimi, kwa wivu, nisamehe. Asipokusamehe siku hiyo, kubali, urudi nyumbani. Kisha siku watakayokutana wachezaji, ingia uliweke dadu juu ya meza mbele ya wale wale waliosikia akiitwa mwizi, useme maneno yale yale. Usilie. Najua ukilia watakuonea huruma na jambo litaishia hapo, nalo halitakiwi kuishia hapo. Valeriani atakasirika. Muache akasirike, hasira ya mume si talaka, ni bora kuliko hilo daftari lililofungwa.

Akishapoa, mkiwa wawili, muulize yule mke alikuwa nani. Muulize tu, unyamaze asikie mwenyewe anavyojibu. Sitakwambia atasema nini, lakini vaa kitambaa chako.

Mwisho, kiti. Sheria ya mchezo inasema aliyekufa harudi, sawa, asirudi. Lakini mwenye mji ni mgane sasa, ana ng'ombe na safari ndefu mbele, na mgane anaruhusiwa kuoa. Mwalimu Clemensi agonge kengele aulize watu, na wewe simama kwenye mabenchi unyooshe mkono wako. Naipanoi akae na daftari lake aandike, kazi hiyo inaelekea anaiweza, na chai yake mpe ya moto. Nao wakikuuliza pale jukwaani kama kweli unaweza kumcheza mke wa Valeriani, usijibu neno.

Chukua ufagio.