Amri Yenye Jina la Baba Mkwe

Bi Fatu, shikamoo. Nakuomba unijibu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, maana ikipita hiyo hata jibu lako halitanisaidia kitu.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, nafanya kazi na mume wangu katika ofisi moja hapa Kigoma inayoandikisha wakimbizi wanaoingia kutoka Burundi, na wazazi wetu wenyewe walivuka hivyo hivyo mwaka sabini na mbili, kwa hiyo kazi hii kwetu si mshahara tu. Kule kambini tuna kompyuta moja kubwa ambayo ndani yake tumejenga kompyuta nyingine zisizoshikika kwa mkono, tunaziita mashine pepe, moja inatunza majina ya waliofika, nyingine mambo ya chakula, na zikianza kuumwa tunaziandikia amri za kutafuta ugonjwa, kuna amri ya kuisimamisha mashine ili tuichungulie ndani, kuna ya kuirudisha ilivyokuwa jana, na nyingine nyingi. Zamani amri hizo zilikuwa herufi tupu ambazo hakuna aliyezikumbuka, basi mkuu wetu, Bwana Dismasi, akasema tuzipe majina ya wazee wetu, kila mtu alete moja, iwe heshima na iwe rahisi kukumbuka. Haruna wa Ujiji akaleta la babu yake, Mzee Sefu, likawekwa kwenye ile ya kurudisha jana. Mume wangu, bila kuniuliza, akaleta la baba yake, likawekwa kwenye ile ya kusimamisha, ambayo ndiyo tunayoitumia kutwa.

Bi Fatu, kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, hata hapa siliandiki, mama yangu amezeeka bila kulitamka la kwake. Nikanyamaza kwa sababu mume wangu alifurahi mno, na mzee mwenyewe kule Ilagala kila baada ya misa anawaambia watu kwamba jina lake liko kwenye kompyuta linasaidia wakimbizi, yeye ambaye alipovuka alikaa miaka bila mtu kuliandika jina lake popote. Ningeanzaje kusema sitaki? Nikawa nalinakili kwa kipanya bila kuligonga, na wenzangu wa kambini nawatumia kwa ujumbe, mambo yakaenda.

Sasa juzi mtandao ukakatika, ikabaki simu ya kuongea tu, na mashine ya majina ikaanza kusuasua huku foleni ya waliofika ni ndefu, nikampigia Nikodemu, ndiye anayekaa mbele ya kompyuta kule, yeye si fundi, huandika ninachomwambia.

"Niandike nini, dada?"

"Andika ile ya mzee."

"Mzee nde? Mzee yupi?"

"Ile ya mzee bwana, si unaijua? Fanya haraka!"

"Haya, dada."

Akaandika ya Mzee Sefu. Kosa lake liko wapi? Kambini kote mzee anayetajwa kwa utani ni huyo. Mashine ikarudi jana, na wote walioandikishwa asubuhi ile wakafutika kama watu ambao hawajavuka, wakapangwa upya, giza likawakuta wengine hawajapata mgao, kuna mama mwenye kichanga alilala bila kula.

Nikodemu akaitwa mjini kwenye kikao. Akasema, "Dada aliniambia niandike ile ya mzee." Watu wakacheka. Bwana Dismasi akanigeukia, "Tuna amri inayoitwa ile ya mzee?" Nikasema hatuna. Ni kweli hatuna, Bi Fatu, lakini Mungu anajua nilivyokusudia. Sasa anaachishwa kazi Ijumaa hiyo niliyokutajia, naye ana familia, na jana nimekutana naye mwaloni Katonga nikinunua dagaa, akanisalimu, akaniuliza watoto hawajambo, basi, afadhali angenitukana. Mume wangu anasema funika kombe mwanaharamu apite, nikitoa sababu watatuita washamba, na jina la baba yake litaondolewa, na mzee atataka kujua nani kaliondoa. Silali, sili. Nifanyeje?

Mwenye Hofu, Kigoma

MAJIBU YA BI FATU

Marahaba, mwanangu. Mficha uchi hazai, na wewe umeufichua, hapo nakupongeza. Pongezi zimeishia hapo.

Mwiko wako siucheki. Mimi ni mtu wa Ujiji, lakini nimekua na majirani Waha na Warundi, najua mke aliyelelewa hawezi kubwata jina la baba mkwe kwenye simu kama anaita mbuzi. Basi usilitamke. Ungesema "ile ya kusimamisha," Nikodemu angekuelewa na mambo yangekwisha. Lakini hofu ikimshika mtu akili humtoka, kwa hiyo la simu nakusamehe. La kikaoni, hapana. Pale hapakuwa na haraka wala foleni. Mtu alikutegemea, ukatoa jibu la kweli lenye uongo ndani, na wenzako wakaendelea kumcheka.

Mumeo mpe salamu zangu. Kombe hufunikwa kwa aibu ya nyumbani, si kwa riziki ya mtu mwingine. Yeye ndiye aliyelibeba jina la baba yake akalitia kwenye kazi ya mkewe bila kufikiri mke atalitajaje, basi yeye ndiye atakayekwenda Ilagala kumweleza mzee. Si wewe. Amweleze yote, na yule mama mwenye kichanga asimruke. Mzee aliyekaa miaka bila kuandikwa popote atajua maana ya kufutwa upesi kuliko ninyi wenye ofisi. Na akikasirika, akasirike. Ni baba, atapoa.

Mkuu wako naye, kama ananisoma, nia yake ilikuwa njema. Kompyuta siijui, jiko nalijua. Jikoni kwangu upawa unaitwa upawa na kisu kinaitwa kisu, sikukipa kisu jina la marehemu mama yangu, maana iko siku mtu atakihitaji kwa haraka. Amri ya kusimamisha muiite simamisha. Ya kurudisha jana muiite rudisha jana, tena mashine imuulize mtu kwanza kama ana hakika. Mkitaka kuwaenzi wazee, andikeni majina yao ukutani pale wageni wanapopokelewa, ambapo hakuna atakayelazimika kuyatamka kwa kelele.

Sasa wewe. Gazeti hili linatoka Jumatano, kwa hiyo una kesho tu. Asubuhi, kabla mkuu wako hajaketi vizuri, ingia umwambie: mimi ndiye niliyesema ile ya mzee, sababu yangu ni hii, na kikaoni nilimwacha mwenzangu azame. Yaseme tena mbele ya wale wale waliocheka. Utapewa onyo, pengine na kazi utaipoteza, sikufichi. Lakini utakula na utalala, na watoto wako hawatakuwa na mama anayekwepa watu mwaloni.

Jambo moja la mwisho. Majina ya ofisini yaliyomo katika barua yako tumeyabadilisha sisi kabla ya kuchapa. Jina lako wewe ulilificha, la mumeo ukalificha, la baba mkwe hukuthubutu hata kuligusa. La huyu tuliyemwita Nikodemu ulilileta kamili, na la baba yake, na mtaa anaokaa. Hilo hakuna aliyekukataza kulitamka. Kalitamke kesho.