Mkono wa Baba Kichwani kwa Bonge

Mwenzangu, kaka Bonge amempiga pacha wake nyundo mdomoni. Kwenye karakana ya baba ya useremala, mbele ya macho yangu.

Nakuandikia nikiwa bado hapa hapa.

Si unajua Bonge ndiye alitangulia kuzaliwa, akamuuzia mdogo wake haki ya mzaliwa wa kwanza kwa pikipiki? Hakujali, maana baba mwenyewe alitufundisha ile habari ya mapacha wa Agano la Kale. Haki ya mzaliwa wa kwanza inauzika, baraka haiuziki. Bonge akajua baraka bado ni yake.

Leo baba anaenda hospitali kupasuliwa, na hajui kama atarudi. Kabla ya kutoka kamwekea yule mdogo mkono kichwani, kambariki yeye.

Bonge akauliza kwa upole kabisa, "Baba, si ulisema baraka haiuziki?"

Baba akasema, "Haiuziki. Ndiyo maana nampa ninayemtaka."

Ninayemtaka. Alisema hivyo hivyo.

Hapo ndipo nyundo ikaenda. Meno nimeyaokota mimi kwenye maranda.

Halafu Bonge akamkamata baba mkono, akapiga magoti, akaubandika kichwani kwake. "Nibariki na mimi."

Baba akageuza uso.

Akazidi kuubana. Nikasikia kidole cha baba kinavunjika, mwenzangu, kama kijiti. "Sema basi, baba. Neno lolote."

Kikavunjika cha pili.

Na baba hakusema neno, hata la kuomba aachiwe.