Kumtafuta Namba Sitini na Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Makutupora tena. Madodoso sita kabla ya saa sita. Vumbi mpaka kwenye meno. Wavunaji wa zabibu hawana muda nasi, wanajibu huku mikasi inakata. Bwana mmoja nilimuuliza kama huwa anakunywa ili apate usingizi. Akacheka. "Wewe dada, ukikosa usingizi unafanyaje?" Jibu lake nimeliandika kwenye nafasi ya maelezo, kama tulivyofundishwa. Langu sikuandika.

Utafiti wetu unatafuta jambo moja kwa maswali arobaini: mtu mwenye ugonjwa wa akili ambaye pia anakunywa au anavuta, kipi kilianza. Maswali nimeyakariri. Nayaota.

Nimerudi chumbani kwangu Kizota saa kumi na moja. Fundi wa jirani anachomelea mageti. Nimekunywa kikombe kimoja, halafu cha pili. Mvinyo wa nyumbani, nanunua hukohuko Makutupora kwenye chupa ya maji. Huwa namwambia muuzaji ni wa kupikia. Mtoto wa Kondoa, binti wa mwadhini, anapikia mvinyo! Hata muuzaji haamini.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefanya ujinga.

Mchana nilikaa kwenye banda la kupakia zabibu, namsubiri Joel, mwenzangu wa kazi, alete pikipiki. Nikatoa dodoso tupu, namba 62, nikajihoji mwenyewe. Nilitaka tu kuona jumla. Mwanamke, miaka 33, kibarua wa msimu. Hapo kwenye kibarua nimedanganya. Mengine yote kweli. Kunywa kila siku: ndiyo. Kusikia unaitwa na hakuna mtu: ndiyo, tangu Mei, sauti ya marehemu mama, hasa nikiwa nafua. Swali la thelathini na tisa, kama wiki mbili hizi umewaza kujiua. Ndiyo.

Nikajumlisha. Jumla kama ile kwa mtu mwingine naipigia mstari mwekundu.

Sikulichana. Dodoso lenye namba halichanwi. Likiharibika linapigwa mstari, linasainiwa, linarudishwa kwa mkuu wetu, Dk. Ndahani. Nimelisukuma chini kabisa ya mkoba. Nitaamua kesho.

Alhamisi, 7 Agosti

Jana nilishindwa kuamka. Nikasema tumbo. Joel akapita kuchukua mkoba wangu, akapeleka madodoso yote kwa Dk. Ndahani ili nisionekane nimechelewesha kazi. Yote. Na lile.

Anasubiri nimshukuru. Nimemshukuru.

Nimepekua mkoba mara nne, utadhani karatasi inajua njia ya kurudi. Kesho Nane Nane, ofisi imefungwa. Labda yatakaa kabatini. Mikono inatetemeka hata kabla ya chai.

Ijumaa, 8 Agosti

Mji mzima umekwenda Nzuguni kwenye maonyesho ya wakulima, kutazama ng'ombe na matrekta. Mimi nimejifungia.

Baba kapiga baada ya swala, kama kila Ijumaa. Shikamoo. Marahaba, hujambo mwanangu? Sijambo, Baba. Kazi? Njema. Unaswali? Naswali. Majibu matatu, yote uongo. Akaniombea dua ndefu. Nilikuwa nalia, nimeziba simu kwa kanga.

Mama ameniita mara mbili leo. Sikugeuka. Naogopa siku nitakayoitika.

Jumatatu, 11 Agosti

Dk. Ndahani kasoma madodoso nyumbani kwake mapumziko yote. Huyu mama hajui sikukuu.

Asubuhi katuita, kashika 62. Kanuni kila mtu anaijua: aliyejibu ndiyo kwenye thelathini na tisa anapelekwa kliniki siku hiyohiyo. "Zaina, huyu mtu umemwacha wapi?" Nikasema aliondoka ghafla, ameitwa kupakia. "Na fomu yake ya ridhaa?" Nikasema iko nyumbani, aliweka dole gumba. Njia ya mwongo fupi, na mimi nilikuwa naikimbia mbio.

Akanitazama. Hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema kesho twende sote watatu, haturudi bila huyo dada. Siku sita, alisema. Siku sita mtu yuko peke yake na jambo hili.

Nimerudi nyumbani nikatoa pedi ya wino. Nimeisoma fomu ya ridhaa yote kwa sauti, kama ninavyowasomea wao. Nimeelezwa. Nimeelewa. Naweza kujitoa wakati wowote. Halafu nimebonyeza dole gumba langu. Nimelisugua kwa sabuni ya mche. Wino haujatoka wote.

Jumanne, 12 Agosti

Tumezunguka Makutupora tangu saa mbili, wananitafuta mimi.

Haturuhusiwi kusema tunamtafutia nini mtu. Kwa hiyo Joel anauliza tu: kuna dada wa miaka thelathini na tatu, kaja msimu huu, yuko mpweke? Wanawake wakacheka. Bibi mmoja akasema hapa wapweke ni wote, achague. Kisha akaacha kucheka. "Kwani kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, bibi. Tunataka tu kujua kama yuko salama."

"Basi mtafuteni sana."

Akaweka mkasi chini. Akawaita wenzake. Waliacha kreti zao palepale juani, wakaingia kwenye mistari ya mizabibu, wanaita, "Dada! Wewe dada!" Huku na huku. Sauti nyingi zinaniita na safari hii watu walikuwepo. Nilitembea nao. Na mimi niliita. Sitasahau aibu hiyo mpaka nife.

Saa saba nikamwona Dk. Ndahani kwenye shimo la pampu ya maji, pembeni ya shamba. Amepiga magoti na viatu vyake vya ofisini, ameinama, anachungulia chini. Nikaelewa anatafuta nini mle. Yule mama alikuwa anaogopa kuliko mimi, na alikuwa ananiogopea mimi.

Nikamwambia, "Daktari, inuka. Nimempata."

Akauliza yuko wapi. Nikanyoosha dole gumba lenye wino.

Alilitazama. Kisha akalishika, akalifumba ndani ya kiganja chake chenye vumbi, hakuliachia. Akamwambia Joel awaambie kina mama mtu kaonekana. Joel akapaza sauti. Bibi naye akajibu kutoka mbali: "Mzima?"

Dk. Ndahani akanigeukia mimi, anangoja nijibu.

Nikasema mzima.

Wakapiga vigelegele shamba zima.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeshakwenda kliniki, Jumanne ileile. Dk. Ndahani alikaa nje kwenye benchi mpaka nikatoka. Nesi kaniuliza maswali ninayoyajua, ila hakunipa namba, kaandika jina langu kwenye faili. Wamesema pombe nisiiache ghafla peke yangu, mwili utaleta vurugu. Wamenipa dawa na utaratibu. Jumatatu narudi.

Dodoso 62 limepigwa mstari, limesainiwa. Kazi sijui kama ninayo. Dk. Ndahani kasema kwanza nipone. Joel kaleta ndizi, hakuuliza kitu.

Baba kapiga baada ya swala. Shikamoo. Marahaba, hujambo mwanangu?

Safari hii sikuziba simu.

Naumwa, Baba.

Nikamsikia akimwambia mtu aliye karibu yake asubiri. Akauliza basi la kwanza kutoka Kondoa linafika huku saa ngapi. Nimemwambia saa nne.

Nimefagia chumba. Chupa nimeitoa chini ya kitanda, nimeiweka mezani, Baba aione. Naogopa sana.