Nibishie Mimi Kwanza

4 Februari

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, isipokuwa goti, nalo tumeshazoeana. Baada ya salamu, naanza ugomvi.

Barua ya shule yako imefika. Nimeisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, hadi pasi ikaunguza shati la mteja. Wanasema una akili na unaandika vizuri, lakini darasani umekaa kama gunia. Ati ukimaliza mwaka huu bila kufungua mdomo, nafasi yako ya ufadhili atapewa mwingine. Kulikoni? Hapa nyumbani ulikuwa ukianza kuongea, kuku wanakimbia! Nimewatangazia wateja wote kwamba mjukuu wa dobi anasoma na watoto wa kila taifa. Nani kakukata ulimi? Kama kuna anayekucheka nitajie, nije na pasi yangu ikiwa na makaa yake.

Bibi yako, mwenye hasira

17 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumai goti limetulia. Mimi sijambo, na hapa hakuna anayenicheka. Shida ni nyingine, na tafadhali usinigombeze kabla hujamaliza kusoma.

Kila alasiri tunakaa meza moja kubwa, wadogo na wakubwa pamoja, kuanzia wa miaka tisa hadi wa kumi na saba, na mimi na miaka yangu kumi na minne katikati. Mwalimu anasema jambo, sisi tunatakiwa tumpinge. Tumpinge, Bibi! Jana binti wa miaka tisa, tunamwita Kasuku, alimwambia, "Hapana, hapo umekosea." Niliinamisha kichwa nikisubiri radi. Mwalimu akasema, "Asante, endelea." Na ana mvi kukushinda wewe.

Wewe umenilea nisimjibu mkubwa. Kila nikitaka kusema, naisikia sauti yako: "Funga bakuli!" Nalifunga. Sasa nifanyeje?

Mjukuu wako

2 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia zangu. Huko nani anahakikisha unakula? Kula.

Miaka tisa! Angekuwa wangu huyo Kasuku, angelijua jina langu vizuri. Halafu mtu mzima na mvi zake anasema asante? Nilikasirika siku nzima, nikayapiga pasi mashuka ya hoteli kama yamenitukana. Lakini nilipokunja la mwisho nikawaza: hilo kufuli mdomoni mwako nimelitia mimi, na nililitia vizuri. Basi nitalifungua mimi, si mtu mwingine.

Sikiliza. Heshima ibaki palepale. Sitaki umkodolee mwalimu macho kama mtu anayedai kodi. Ila hoja toa. Na ili uzoee, nibishie mimi kwanza. Tafuta jambo nililosema ambalo hukubaliani nalo, uniandikie bila kumung'unya maneno. Ukinishinda mimi, huyo mwalimu wako ni mteremko.

Bibi yako, asiyebishiwa

15 Machi

Shikamoo Bibi,

U mzima? Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena. Haya.

Nilipokuwa nyumbani likizo ulisema hutakuja siku ya wazazi, mwezi wa tano, kwa sababu ya kazi. Sikubali. Siku hiyo ni Jumapili, na Jumapili pasi yako hulala. Ukasema tena kwamba basi linakuumiza goti. Mbona mwaka jana ulipanda basi hilohilo kwenda harusini, ukacheza mpaka kiatu kikapotea?

Kwa hiyo si kazi wala goti. Wazazi wengine huja na magari yanayong'aa, nawe unaona haya. Unanisifu kwa wateja wote, lakini kuzileta sifa hizo mpaka getini kwetu unaogopa.

Nimemaliza. Naipeleka posta kabla sijaichana tena.

Mjukuu wako

28 Aprili

Shikamoo Bibi,

Hujambo? Wiki sita sasa hujaandika neno. Kama nimekuumiza, nisamehe. Lakini hoja yangu siifuti.

Wiki iliyopita nilimwambia mwalimu, "Samahani, Mwalimu, sidhani," kisha nikajifanya naokota kalamu chini ya meza. Siku ya wazazi meza yetu itajadiliana mbele ya wageni, na baada ya hapo ndipo wataamua kama nabaki. Mwalimu atasema wadogo watenganishwe na wakubwa. Mimi ndiye nimepangwa kumpinga. Naogopa, Bibi. Niandikie hata matusi.

Mjukuu wako

25 Mei

Mjukuu wangu,

Nimefika nyumbani salama. Goti limevimba kama boga, wala silionei huruma.

Unataka kujua kwa nini sikukuandikia. Wiki tisa nilitafuta hoja ya kukushinda, nikibishana na mashuka peke yangu mpaka jirani akauliza kama nina mgeni. Sikuipata. Nikalipiga pasi gauni langu, nikapanda basi.

Pale shuleni sikupata nafasi ya kukueleza, maana uliing'ang'ania shingo yangu. Uliposimama ukasema, "Shikamoo, Mwalimu. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe," mkono wangu uliinuka wenyewe kuja kukuziba mdomo. Nikaukalia. Ukaendelea, wala hukutetemeka! Mzee aliyekaa kando yangu, tai yake imekunjamana kama kitambaa cha jikoni, akaninong'oneza, "Yule ni mtoto wa nani?" Nikamwambia, "Wa dobi. Na hiyo tai ivue, nikunyooshee." Na mwalimu mkuu alipotangaza kwamba unabaki, nilipiga ukelele ukumbi mzima ukageuka. Wacha wageuke.

Sasa ugomvi. Umesimama mbele ya wageni wote ukasema wadogo wasitengwe, kwa kuwa aliyekufundisha kubisha ni Kasuku. Sikubali. Kasuku alibisha akaambiwa asante. Mimi nilibishiwa, nikauma meno wiki tisa, nikashindwa, nikaja. Nani hapo mwalimu?

Nijibu. Na uje na hoja, usije na machozi.

Bibi yako, aliyeshindwa mara moja tu