Wanalipia mlango ili ufungwe

Alhamisi. Mvua imekata saa sita, na vumbi ya Bunia imelala kidogo. Kahawa yangu imepoa mezani, mi niko nawaza tu.

Niko na depo moja ya kuwekea mali hapa mtaani Rwambuzi, marehemu mama aliniachia. Mwezi huu makampuni mawili ya kigeni yanayonunua kakao yanaitaka. Ya kwanza imeshajenga depo yake kubwa ng'ambo ya barabara, saruji na mabati mapya. Ya pili haijengi kitu. Inakodi, inapakia malori, inavuka mpaka. Huku kwetu mambo yanaweza kuharibika siku moja, na aliyejenga hawezi kukimbia na ukuta wake.

Nilifikiri wale wa kampuni ya kwanza ni wajinga. Sasa sijui tena.

Leo asubuhi mununuzi wao, Papa Justin, alikuja kuniahidi kodi kubwa zaidi. Nikamuuliza: "Papa Justin, muko na depo kubwa vile, hii yangu ni ya nini?"

Akacheka. "Mama, siye hatutaweka kitu ndani. Tutafunga tu. Tunataka wale wengine wakose pa kuweka kakao."

Sijawahi kusikia mutu analipia nyumba ili ikae tupu.

Nilifurahi, sikatai. Kisha nikamukumbuka papa yangu mzazi kule shambani Irumu, na kakao yake inayokauka kwenye turubai. Wanunuzi wakiwa wawili, muzee anakaa kwenye kiti, wao wanamubembeleza. Mununuzi akibaki mumoja, muzee ndiye atakayebembeleza. Kodi yangu nono ingetoka mufukoni mwa papa yangu mwenyewe. Hapo niliogopa.

Nikachukua ufunguo, nikaenda kumutafuta mununuzi wa kampuni ya pili, nimupatie. Nikamukuta anakula broshete, mishikaki ya mbuzi. Meza moja na Papa Justin, sahani moja, wanacheka kama mashemeji.

Nimerudi na ufunguo wangu.

Sasa wanashindana ao wanapatana? Pengine hata wao hawajui, kila mumoja anangoja aone mwenzake atafanya nini. Wazee wanasema tembo wakipigana, nyasi ndizo zinaumia. Hakuna aliyeniambia nyasi zinakuwaje tembo wakikula pamoja.

Kesho nitawaambia wote wawili neno moja: atakayechukua depo, mlango ukae wazi na kakao inunuliwe mle ndani kila siku ya soko. Siku mlango utakapofungwa, ufunguo unarudi kwangu.

Nataka kuona nani atakuwa wa kwanza kukataa.