Umbo Tupu la Spana

Mtwara, 14 Agosti 1999

Shikamoo Bibi,

Naapa kukueleza yote. Leo Mama alikuwa ameshaketi ndani ya ndege, Mjomba Saidi, fundi wa ndege hiyo, alipotazama ubao wa vifaa. Kila kifaa kimechorewa umbo lake jeusi, na umbo la spana moja lilikuwa tupu. Mjomba akakimbia kuizuia ndege.

"Fundi, si umeshasaini kwamba ndege ni salama?" rubani akafoka.

"Nimesaini, lakini spana hiyo niliitumia mimi. Ndege hairuki!"

Wakafungua injini. Spana ilikuwa imelala juu ya nyaya, imetulia kama inayosubiri.

Sasa Mjomba ameitwa na mkuu wake, naye hajagusa chakula.

Nakubusu mikono. Tafadhali nijibu upesi, Bibi: mtu akikiri kosa lake kabla halijaua, hufukuzwa kazi?

Mjukuu wako,
Mwanahawa